Verlie Hockaday na Nyota Iliyodhaniwa Kuwa Uzio

Verlie Hockaday alikuwa na miaka hamsini na mitatu wakati kompyuta ya kituo chetu cha kutazama nyota ilipoitupa nyota yake kwenye takataka. Nasema takataka kwa sababu ndilo jina la lile faili. Kila mlio ambao kompyuta haikuupenda uliingizwa humo: radi, simu za wapita njia, rada za ndege, injini mbovu za matrekta. Sheria ilitaka binadamu apitishe macho humo kabla ya kufuta. Profesa alipoulizwa ni binadamu gani, alijibu kwamba yeyote atafaa.

Kabla ya hapo Verlie alikuwa mpanga sufu. Miaka ishirini na sita alisimama mezani kwenye mabanda ya kunyolea kondoo ya Burrandool na vitongoji vyake. Sufu inatupwa mbele yake, anachomoa kishungi, anakivuta karibu na sikio asikie kama kinakatika, kisha anaipeleka kwenye fungu lake. Ukaja ukame wa miaka mitatu, kondoo wakauzwa, mabanda yakafungwa. Mimi nilikuwa mpishi wa kituo, nikamwambia kuna nafasi.

"Nola, mimi najua nini kuhusu nyota?"

"Profesa anasema yeyote atafaa. Kwani wewe si yeyote?"

Akafikiri kidogo. "Kwa hilo nina sifa zote," akasema, akaenda kuvaa viatu.

Huyo Profesa ni Alastair Penhallow. Alikuwa akija kutoka Sydney Jumatatu na kurudi Alhamisi, na katikati alikuwa akizungumza. Siku ya kwanza ya Verlie aliwakusanya wafanyakazi akatuambia hapa hatuna makuu, tumwite Alastair tu. Verlie akamwita Alastair. Kwa siku mbili mtu yule hakumjibu salamu, akawa anashika kichwa kama mwenye homa. Jumatano Verlie naye akaanza kumwita Profesa kama sisi, afya yake ikarejea.

Kazi ya Verlie ilikuwa kutazama nukta. Dishi letu, lile kubwa jeupe ambalo watu wa barabara kuu husimamisha magari kulipiga picha, hukusanya mawimbi ya redio kutoka mbinguni, na kompyuta huyageuza kuwa nukta nyeusi kwenye kioo. Watu wa elimu walikuwa wakizitazama kwa dakika tano, macho yakawauma. Verlie alizitazama siku nzima, mguu mmoja juu ya kiti, chai ikimpoea.

Mwezi wa nne akaja jikoni na boksi tupu la mayai, akachora juu ya boksi hilo kwa kalamu.

"Tazama hapa. Kumelia mara nne kwa saa tatu. Kila mlio ni mfupi kuliko kupepesa jicho. Kompyuta inatafuta kitu kinachopiga mfululizo kama saa ya ukutani. Hiki kinapiga mara moja, kinanyamaza saa nzima, ndiyo maana imekitupa. Lakini nimepima nafasi za katikati, Nola. Zote zinagawanyika kwa sekunde tatu nukta tisa. Hakuna hata moja inayoacha salio."

"Maana yake nini?"

"Maana yake kuna kitu kinazunguka kila sekunde tatu nukta tisa na hakikosei hata mara moja. Ila kinaita kinapojisikia."

"Kama mume wangu alivyokuwa na simu."

"Mume wako hakuwa anagawanyika kwa chochote."

Aliipeleka habari hiyo kwenye chai ya saa nne, kwa sababu pale kituoni jambo lisilosemwa kwenye chai ya saa nne huwa halijatokea. Profesa alikuwa na kipande cha keki ya nazi mdomoni. Alisikiliza kwa uvumilivu wa mtu anayeoneshwa picha za wajukuu wa mwenzake.

"Verlie, mama yangu," akasema, "huo ni uzio wa umeme wa Keith Tranter."

"Uzio wa Keith hupiga kila sekunde moja na robo."

"Umejuaje?"

"Umenipiga."

Watu wakacheka, naye Profesa akacheka pamoja nao mpaka alipogundua kwamba hajui anachekwa nani. Verlie hakucheka. Alieleza kwamba kitu chake huchomoza dakika nne mapema kila siku, kama nyota zinavyofanya, na uzio haufanyi hivyo. Profesa akasema katika sayansi ni lazima kwanza tuondoe maelezo ya kawaida. Akaandika barua yenye nembo, kurasa mbili, akamtaka bwana Tranter azime uzio wake kwa saa arobaini na nane kwa manufaa ya maarifa ya binadamu.

Keith Tranter alikuwa jirani yetu upande wa kaskazini, na pia mume wa Una, mdogo wake Verlie. Alifika mwenyewe na barua mkononi, kofia nyuma ya kichwa.

"Shemeji, yaani mimi sasa nimekuwa sayari?"

"Nyota. Usijishushe."

"Nikizima uzio madume yatatoka."

"Yatatoka yaende wapi?"

"Umeshika kondoo miaka yote hiyo unaniuliza wanaenda wapi? Wanaenda panapokatazwa. Huyo Profesa wenu anajua?"

"Mwambie wewe, shemeji. Mimi ni yeyote tu."

Keith hakumwambia. Alipunga mkono, akaenda kuzima uzio, na nadhani nilimsikia akipiga mluzi.

Kesho yake, kabla ya chakula cha mchana, kondoo dume thelathini na saba walikuwa ndani ya kituo. Mbele ya jengo kuu tulikuwa na mstari wa miti ya waridi, kila mmoja umepandwa na mgeni wa heshima na una kibao cha shaba chenye jina lake. Madume yalianza na mabalozi yakamalizia na wakuu wa vyuo. Profesa alikuwa ndiyo kwanza anawasili kutoka Sydney. Dume moja lilijiona kwenye mlango wa gari lake lililong'aa, likaudhika, likaanza kumpiga kichwa yule dume mwingine aliye ndani ya mlango. Profesa alikaa humo dakika hamsini, honi ikilia, na kila honi ilipolia dume lilielewa kwamba mwenzake bado hajakubali kushindwa.

Katika dakika hizo hamsini, na uzio ukiwa umezimwa tangu jana yake, kitu cha Verlie kililia mara tatu.

Alitoka na karatasi mkononi, akampita yule dume kwa kumsukuma ubavu kwa goti kama mtu anayesogeza kiti, akagonga dirisha la gari. Profesa akateremsha kioo upana wa vidole viwili.

"Uzio umezimwa, Profesa. Imelia mara tatu. Nafasi zinagawanyika."

Profesa aliitazama karatasi kupitia ule upenyo. Mlango ukapigwa kichwa tena, gari likatikisika.

"Nilishuku tangu mwanzo," akasema, "kwamba hii ni nyota ya nyutroni."

Basi tangu siku hiyo ikawa nyota yake. Niwe mkweli, alikuwa na haki ya kuijua kuliko sisi. Ni yeye aliyetueleza kwenye chai kwamba nyota za namna hiyo ni masalia ya nyota kubwa zilizolipuka. Kitu kizito kuliko jua kimebanwa mpaka kingeweza kutoshea kati ya Burrandool na duka la mashine za kilimo kule njia panda. Nyingine hupiga redio mfululizo. Hii ilikuwa ya kundi geni la zile zinazopiga kwa kubahatisha, na hakuna aliyejua kwa nini. Je, ni nzee, zinakata roho? Au ni changa na zina moto? Kama zina moto zitatoa miale ya eksirei, ile ile inayopiga picha mifupa hospitalini. Lakini miale hiyo ikitoka mbinguni haipenyi hewa yetu. Lazima itazamwe na setilaiti, na setilaiti za kazi hiyo ni chache, kila mtaalamu duniani anazililia, na anayepewa huchaguliwa na kamati iliyo ng'ambo.

Profesa akaandika maombi ya mara ya kwanza. Majibu yalikuja baada ya miezi mitano, nayo alituachia mezani kwa bahati mbaya, kwa hiyo niliyasoma. Mwamuzi wa kwanza alisema hakuna uthibitisho kwamba nyota hiyo ina moto, kwa hiyo hakuna sababu ya kutazama kama ina moto. Wa pili alisema ni dhahiri ina moto, kwa hiyo hakuna sababu ya kutazama. Wa tatu aliyasifu majedwali. Maombi yakakataliwa kwa kauli moja.

"Majedwali ni ya nani?" nikamuuliza Verlie.

"Yangu."

"Basi umeshinda theluthi."

Mwaka uliofuata Profesa aliomba tena. Safari hii hakubadilisha neno hata moja katika hoja. Alibadilisha kichwa cha habari na kuongeza majina kumi na moja ya watu wakubwa, wawili kati yao wakiwa kwenye kamati nyingine zilizohitaji kura yake. Jina la Verlie halikuwemo. Mwishoni palikuwa na shukrani kwa wafanyakazi wa kituo kwa ujumla, na kwa Bi Nola Crisp kwa pai yake ya nyama ya kondoo. Nikamwonesha Verlie, nikiwa na haya mpaka masikioni.

Alisoma, akanirudishia. "Pai ni nzuri kweli," akasema. Kisha akaenda kusimama nje karibu na tangi la maji, akabaki huko muda mrefu, mgongo umetugeukia.

Maombi yakakubaliwa. Saa nane za setilaiti, Alhamisi moja ya mwezi wa Oktoba, kuanzia saa tatu asubuhi. Na kwa saa hizo hizo dishi letu lilitakiwa kuielekea nyota bila kuondoka, ili ikilia kwa redio tujue eksirei zilifanya nini wakati huo huo. Verlie alikuwa ameshafanya mtihani wa kuendesha dishi, kwa sababu waendeshaji wawili walihamia migodini. Zamu ikamwangukia yeye.

Alhamisi hiyo hiyo mji wa Burrandool ulikuwa unatimiza miaka mia na hamsini.

Meya wetu, Rhonda Stubbings, mama mwenye sauti ya kuuzia ng'ombe mnadani, alikuja saa tano na mpiga picha, bendi ya shule na keki yenye umbo la dishi. Alitaka picha moja tu: yeye mbele, dishi nyuma limeinama mpaka chini kama linausalimu mji. Profesa alikuwa ameshamwahidi tangu Julai. Wakaingia chumba cha kuendeshea, Profesa amevaa tai.

"Verlie, mama, tuliinamishe kidogo. Dakika kumi."

"Setilaiti inatazama, Profesa."

"Najua inatazama. Mimi ndiye niliyeiomba."

"Nyota hii inalia sehemu ndogo ya sekunde, mara moja kwa saa ikituonea huruma. Hujui dakika zake kumi ni zipi, na mimi sijui."

"Ninakuagiza."

Verlie akainuka. Hakupaza sauti. Akasogeza kiti nyuma, akakionesha kwa mkono wazi. "Karibu. Wewe ni mkubwa wangu. Liinamishe."

Hapo ndipo tulipojua jambo ambalo Profesa alilificha miaka kumi na miwili. Alikaa. Akavitazama vitufe. Akakigusa kimoja kwa kidole kimoja, taratibu, na feni ya dari ikaanza kuzunguka. Akagusa kingine, king'ora kikalia, na sauti ya mwanamke aliyerekodiwa ikatuomba tutoke nje ya jengo kwa utulivu. Bendi ya shule ikasikia king'ora, ikadhani ndiyo ishara yake, ikaanza kupiga.

"Kuna nini?" Meya akauliza.

"Wanabadilisha mfumo," Profesa akasema, jasho likimtiririka hadi kwenye kola.

Verlie akanyoosha mkono juu ya bega lake akakizima king'ora. Kisha akamgeukia Meya. "Rhonda, kuna nyota huko inayotazamwa leo mara moja tu. Hatutapewa tena. Ukilala chini kwenye nyasi, na yeye akakupiga picha kwa chini, dishi litaonekana limekuinamia."

Meya akamtazama Profesa, akamtazama Verlie. "Ungesema hivyo toka mwanzo," akasema, akatoka, akavua viatu, akalala kwenye nyasi. Picha ilitoka nzuri kuliko zote alizopigwa maishani mwake. Kidevu cha pili hakikuonekana.

Nyota haikulia.

Saa sita, kimya. Saa nane, kimya. Nilimpelekea Verlie mkate wenye nyama na bitiruti, akaula bila kuondoa macho kwenye kioo. Saa kumi akaanza kusugua vidole, ile tabia yake ya mezani, kama anahisi sufu ambayo haipo. Saa kumi na moja, setilaiti ikamaliza muda wake, ikageukia mtu mwingine. Nyota haikuwa imelia kwa redio hata mara moja tangu asubuhi.

Profesa alisimama mlangoni na koti lake mkononi. "Kwa hiyo tungeweza tu kuliinamisha," akasema, akaondoka kwenda Sydney.

Nimemjua Verlie maisha yangu yote. Nimemwona akimzika mama yake, nimemwona siku mabanda yalipofungwa. Siku hiyo ndiyo ya kwanza kumwona akikosa la kufanya na mikono yake. Aliiweka juu ya meza, akaitazama.

"Labda lilikuwa kosa langu," akasema. "Labda ni uzio tu, Nola. Uzio wa mtu mwingine, mbali sana."

"Uzio gani unaochomoza dakika nne mapema?"

Akachukua kikombe chake, akaenda kukiosha.

Wiki tatu zikapita. Kwenye chai ya saa nne Profesa alikuwa ameshaanza kuita jambo lile "lile wazo la Verlie". Kisha Jumanne moja, tukiwa wote mezani, simu ya jikoni ikalia. Alikuwa Dokta Thuy Luong, aliyekuwa akichambua eksirei huko Sydney, binti mwenye kuongea kwa kasi na asiyejua kunyenyekea.

"Nola, yupo Verlie? Iweke kwenye spika wote wasikie." Nikaiweka. "Verlie? Nimezihesabu. Setilaiti imenasa chembe mia tano na kumi na moja za eksirei kutoka pale pale uliposema. Nikazipanga kwa kipindi chako. Zinapanda na kushuka, zinapanda na kushuka, kila sekunde tatu nukta tisa. Ina moto wa zaidi ya nyuzi milioni moja, dada. Ilikuwepo siku nzima. Ilikuwa inazunguka na kuwaka saa zote nane, haikuwa na la kusema tu."

Verlie alikuwa ameshika kikombe, akakiweka chini kwa uangalifu kabisa, kama kimejaa hadi ukingoni.

"Mia tano na kumi na moja," akasema.

"Nimezihesabu mara tatu."

"Kama nilivyotabiri," Profesa akaanza.

"Nani huyo?" sauti ya Thuy ikauliza.

"Ni Alastair," akasema Verlie. Na Profesa, kwa mara ya kwanza, hakushika kichwa.

Makala ilitoka mwaka uliofuata, ikiwa na majina kumi na manne. Profesa wa kwanza. Thuy, aliyefanya hesabu zote, wa sita. Huyo Thuy aligoma kuitia sahihi mpaka Verlie aandikwe, ikazuka vita ya barua pepe ya miezi miwili, na mwishowe aliandikwa wa kumi na mbili: V. Hookaday. Herufi moja walikosea. Baraza la mji likaweka bango barabarani lenye nyota ya ncha tano inayotabasamu, imevaa kofia. Profesa akapata cheo ng'ambo, tukamfanyia tafrija, akahutubia dakika sabini.

Sasa ile kamati ya setilaiti ilihitaji mwamuzi kutoka upande wetu wa dunia. Katibu wao akapekua makala, akaona kwamba kila mtaalamu wa Australia aliyemo humo alikuwa na ombi lake mezani, kwa hiyo hakustahili kuhukumu. Aliyebaki bila ombi ni mmoja. Barua ikaja: Mheshimiwa Profesa V. Hookaday. Tiketi ndani.

"Utawajibu nini?" nikamuuliza.

"Nitawajibu kwamba mimi si profesa."

Aliwajibu hivyo, kwa maandishi. Wakamjibu kwamba wanavutiwa na unyenyekevu wa watu wa Australia. Akaenda. Alikuwa hajawahi kupanda ndege kubwa. Alikaa huko siku nne, akasoma maombi themanini na mawili, akarudi amevimba miguu, na nilimpokea kituo cha basi.

"Walijua?" nikauliza kabla hajashuka vizuri.

"Niliwaambia siku ya kwanza. Nikawaambia tena siku ya pili. Siku ya tatu nikachoka." Akanipa begi lake nibebe. "Walikuwa wanabishana kuhusu ombi moja, Nola, saa nzima. Huyu anasema hakuna ushahidi, yule anasema ushahidi ni mwingi mno. Nikawauliza kama kuna aliyetazama mchoro wa ukurasa wa tisa. Hakuna aliyeufikia. Basi tukautazama pamoja, wakanyamaza, wakampa yule binti saa zake."

"Binti gani?"

"Sijui. Wa Chile, nadhani. Jina lake lilikuwa la mwisho kabisa." Alisimama kidogo kupumzisha miguu, akatazama barabara ambayo haikuwa na gari hata moja. "Huko chakula chao kibaya, mwenzangu. Walitupa saladi siku nne. Nyumbani kwako kuna nini?"

Nikamwambia kuna mbavu za kondoo na viazi. Akasema basi twende upesi.